Umeme Ukikatika, Magoti Yako Yako Wapi?

Jioni moja ya mwezi wa kumi, hapa Katuba mjini Lubumbashi, joto limepanda na mvua bado haijaamua kunyesha, nilikuwa nimeketi sebuleni kwa jirani yangu, mzee aliyepofuka miaka mingi iliyopita kwa glakoma. Tulikuwa watu watano. Umeme ukakatika, kama ilivyo desturi ya siku za delestaji, na sisi wenye macho tukaganda kila mtu alipo, mikono ikipapasa mifukoni kutafuta tochi ya simu. Mzee yeye aliinuka kwenda kabatini kuchukua mishumaa. Hakupapasa. Alipiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha muundi wake ukagonga kiti cha mbao, akayumba, akajishika ukutani.

"Nani alitosha kiti pa nafasi yake?" akauliza.

Ni mimi. Nilikuwa nimekivuta nusu saa kabla, nikikimbia moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, uliokuwa ukiingia kwa mlango wa uani. Lakini kabla sijakiri, mgeni mmoja alishamrukia mzee, akamkamata mabega yote mawili, akamgeuza na kumkalisha kwa nguvu kama mtu anayetua gunia la unga. Hapo ndipo mzee alipokasirika kweli. Kiti alikisamehe, mabega hakuyasamehe. "Mimi najua nilipo," alisema. "Nisichojua ni kiti kilipo."

Maneno hayo nimeyafanya msingi wa ushauri wote unaofuata, maana yanatenganisha maswali mawili ambayo sisi tunaoona huyachanganya maisha yetu yote. Swali la kwanza: mwili wangu uko wapi, umekaaje, goti limekunjwa kiasi gani, mkono uko juu au chini? Swali la pili: vitu vilivyonizunguka viko wapi? Jicho hujibu la pili. La kwanza lina mjibu wake, na huyo hahitaji mwanga.

Mjaribu sasa hivi. Fumba macho, nyoosha mkono wa kushoto pembeni, ukunje kiasi chochote upendacho, kisha kwa kidole cha mkono wa kulia gusa ncha ya gumba la kushoto. Utaligusa, au utalikosa kwa upana wa kidole kimoja au viwili. Hukuliona, hukulisikia, wala halikunukia. Nani amekuambia lilipo?

Ni misuli yenyewe. Ndani ya nyama ya msuli mna vipokezi vidogo, mfano wa nyuzi zilizosokotwa zikanenepa katikati, vinavyopima msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Kwenye kano, pale msuli unaposhikamana na mfupa, mna vingine vinavyopima nguvu. Ngozi inayonyooka juu ya kiungo nayo hutoa ushahidi wake. Habari zote hizo hupanda kwa neva hadi uti wa mgongo na ubongo bila kukuomba ruhusa. Mwingereza Charles Sherrington ndiye aliyeipa hisi hiyo jina lake la kisayansi mwaka 1906. Hapa nitaiita hisi ya mkao. Inaweza hata kudanganywa: ukiweka kifaa kinachotetema mara 80 hivi kwa sekunde juu ya kano ya mbele ya mkono wa mtu aliyefumba macho, ataapa kwamba mkono wake unanyooka, ilhali umetulia palepale.

Tunaishi nayo bila kuishukuru. Mama anayesonga bukari hatazami mkono wake. Macho yake yako kwa mtoto anayechezea moto, na ni uzito wa mwiko unaomwambia kwamba unga umetosha. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, Likasi ya leo, alipiga gita kwa gumba na kidole cha shahada, na vidole namna hiyo haviwezi kungoja jicho lizihesabu nyuzi. Na wale wanaomkumbuka Robert Kidiaba, golikipa wa TP Mazembe, akirukaruka kwa makalio uwanjani Abu Dhabi mwaka 2010, wajue walikuwa wakitazama somo la anatomia: jaribu wewe uone kama mgongo wako unajua ulipo.

Sasa mtazame mtu aliyepatwa na kinyume. Mwaka 1971 kijana wa miaka 19 aitwaye Ian Waterman, mfanyakazi wa bucha katika kisiwa cha Jersey, aliugua ugonjwa ulioonekana kama mafua ya tumbo. Ulipopita, neva zinazobeba hisi ya mguso na hisi ya mkao kutoka shingoni kwenda chini zilikuwa zimekufa. Misuli yake ilikuwa na nguvu zote, hakupooza, lakini hakuweza hata kuketi, kwa sababu hakujua miguu yake iko wapi. Ilimchukua muda mrefu sana kujifunza upya, na njia pekee aliyoipata ni kutazama: autazame mguu, aupange, auinue, autazame tena. Daktari Jonathan Cole aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1991. Na mtu huyo, ambaye macho yake ni mazima, taa ikizimwa huanguka.

Waweke wawili hao katika sebule moja ya Katuba, umeme ukatike. Waterman anajua kiti kilipo, kwa kuwa alikiona sasa hivi, lakini hajui magoti yake yalipo, basi anaanguka. Mzee wetu anajua magoti yake yalipo. Kilichomgonga ni uvivu wangu. Ndiyo maana nasema msaada wetu kwa vipofu umekaa kichwa chini miguu juu. Tunawajibia swali la kwanza, ambalo wana jibu lake: tunawavuta, tunawasukuma, tunawainua, tunawakalisha. Swali la pili, ambalo ndilo hasa hawana jibu lake, tunawaachia.

Kabla sijaingia katika mambo ya vitendo, niondoe imani moja inayopendwa sana mitaani. Watu husema kipofu amepewa hisi ya sita, kwamba Mungu alipochukua macho alilipa kwa kitu kingine. Ni maneno ya heshima, lakini yana madhara, maana anayeamini hivyo haoni haja ya kumfundisha kipofu chochote. Wanaopima mambo hayo maabara hawajakuta muujiza wa viungo. Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walipima jinsi watu waliozaliwa vipofu wanavyotofautisha miendo ya mkono wao wenyewe, wakawalinganisha na wenye macho. Waliofundishwa mapema kujielekeza na kutembea peke yao walikuwa sawasawa na wenye macho. Waliofundishwa kwa kuchelewa walikuwa nyuma. Kilichowatofautisha ni umri walioanza mazoezi.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo macho huliharibu, nami nakiri lilinifurahisha. Mwaka 2012 huko Sweden watafiti walifanya jaribio hili: mtu anafungwa kitambaa machoni, kidole chake cha kushoto kinashikwa na kugusishwa juu ya mkono wa mpira, na wakati uleule mtafiti anaugusa mkono wake halisi wa kulia mahali palepale. Wenye macho wengi huhisi kabisa kwamba wanaugusa mkono wao wenyewe. Vipofu hawakudanganyika. Sisi tumezoea kumwachia jicho utawala wa mwili wote, na jicho likifungwa mwili unaamini hadithi yoyote.

Basi tuanze na barabara, kwa maana ndiko makosa yetu yanakoonekana zaidi.

Ukimkuta kipofu pembeni ya barabara, usimshike. Msalimu kwanza: "Jambo Papa," au "Mama," kisha jitaje, uulize kama anavuka na kama anataka mkono. Akikubali, usimkamate wewe. Mpe kiwiko chako, akishike yeye, nawe utangulie nusu hatua. Sababu yake ni hisi hiyohiyo ya mkao. Akishika kiwiko chako, mwili wako wote unakuwa barua anayoisoma: ukishuka ukingo wa barabara, mkono wako unashuka kabla mguu wake haujafika, ukigeuka, bega lako linamwambia, ukisita, anasita. Ukimshika wewe na kumsukuma mbele, unamfanya yeye awe ndiye anayeligundua shimo. Mahali pembamba, kama vile kati ya meza za sokoni, peleka mkono wako nyuma ya mgongo, naye atajua apite nyuma yako. Mkifika kwenye mtaro, simameni kabisa. Sema upana wake kwa hatua, siyo kwa mita: "Mbele kuna kanivo, hatua moja ndefu." Neno "angalia!" halimsaidii mtu yeyote, kwanza aangalie nini, na kwa kitu gani?

Njia tunayoiona kila siku mjini ni nyingine: mtoto mbele, mzee nyuma, fimbo katikati, kila mmoja ameshika ncha yake. Siwalaumu wanaoitumia, ni njia ya umaskini na ya mapenzi pia. Lakini fimbo hiyo inaeleza mwelekeo tu, haielezi kina. Mtoto anaruka shimo kwa miguu yake myepesi, na ncha ya fimbo haishuki wala kupanda kumwambia mzee kitu. Mtoto kiwiko chake ni kifupi, kweli, basi mzee aweke mkono begani kwake: bega hushuka. Na saa mbili za asubuhi, siku ya shule, bega hilo linatakiwa liwe darasani.

Kwenye taksi-basi, marafiki zangu mareseva, msimbebe mtu kiunoni. Upeleke mkono wake kwenye chuma cha mlango, umwambie basi linatazama upande gani na dari liko chini, inatosha. Mtu anayejua mlango uliko atapanda mwenyewe, maana mguu wake unajua kupanda kuliko wako. Yeye hupanda kila siku bila kutazama.

Nyumbani sheria ni chache lakini hazina msamaha. Kila kitu kiwe na mahali pake na kirudi hapo. Mlango uwe umefunguliwa hadi mwisho au umefungwa. Mlango ulioachwa nusu ndio unaopasua vipaji vya nyuso. Beseni la maji na mbabula visikae njiani hata kwa dakika moja. Ukimpa kiti, upeleke mkono wake kwenye egemeo la kiti, kisha ondoka. Ukimpa chai, usimwekee kikombe hewani mbele ya uso. Kiweke mezani, kigongegonge kidogo kwa kidole, useme kilipo.

Kuhusu sahani, wengi hutumia mpango wa saa: nyama iko saa fulani, mboga saa fulani. Ni mpango mzuri, ila kwetu una mtego wake. Mmoja anahesabu kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiswahili, na tatu ya huyu ni tisa ya yule. Mkubaliane kwanza ni saa ya nani, la sivyo mzee atachovya bukari kwenye pilipili akidhani ni sombe. Nimeona.

Sasa neno kwa aliyepoteza macho hivi karibuni. Kwanza hakikisha umepimwa na daktari wa macho, kwa sababu mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena, na wako wazee waliokaa gizani miaka mingi kwa ugonjwa wa kupasuliwa siku moja. Ikiwa macho hayarudi, jua kwamba ulichopoteza ni kikubwa, lakini mwili wako haujapotea. Unaogopa kusogea kwa sababu kwa miaka yote jicho lilikuwa likikagua kazi ya miguu. Sasa mkaguzi hayupo na miguu inadhani haijui kazi. Inajua.

Anza ndani ya chumba kimoja. Simama, mgongo wako wote ugusane na ukuta, visigino navyo. Hapo umepata mwelekeo ulionyooka bila kumwuliza mtu. Tembea kutoka hapo kwenda ukuta wa pili ukihesabu hatua, kisha rudi. Ukifuata ukuta, usiufuate kwa ncha za vidole zilizonyooshwa mbele, zitavunjika kwenye kizingiti. Tumia mgongo wa vidole, vimekunjwa kidogo, mkono mbele ya nyonga. Mahali usipopaamini, inua mkono mmoja mbele ya uso, kiganja kikitazama nje, kiwiko kimekunjwa, na mkono wa pili uushushe mbele ya mapaja. Kichwa kiwe juu. Wengi wakipofuka huinamisha kichwa kama watu wanaotafuta sindano, na kichwa kilichoinama kinapotosha kipimo cha sikio la ndani, ambalo ndilo mshirika wa hisi ya mkao katika kukusimamisha wima.

Kisha fimbo. Mwingereza James Biggs, mpiga picha wa Bristol aliyepofuka, aliipaka yake rangi nyeupe mwaka 1921 ili madereva wamwone. Lakini fimbo ndefu tunayoijua leo ilitokana na Richard Hoover, aliyewafundisha askari wa Marekani waliopofushwa katika vita vya pili vya dunia. Fimbo hiyo haikusudiwi kuegemewa. Ni kidole kilichorefushwa. Iwe nyepesi, imenyooka, na ukiisimamisha wima mbele yako ifike kwenye mfupa wa kifua. Ukikosa ya dukani, bomba jembamba la aluminiamu lililopakwa nyeupe linafaa kuliko mkongojo wa mti mzito, kwa kuwa uzito humeza habari. Weka mkono katikati ya mwili, mbele ya kitovu, na zungusha kifundo cha mkono tu ili ncha ichore upinde mpana kidogo kuliko mabega. Mguu wa kulia ukiwa mbele, ncha iwe kushoto. Mguu wa kushoto ukiwa mbele, ncha iwe kulia. Yaani fimbo inapapasa mahali mguu unaofuata utakapokanyaga. Katika mji wenye mitaro isiyofunikwa kama wetu, usiinue ncha, iburute. Wakati wa masika, kuanzia mwezi wa kumi na moja, tope jekundu hujaza ncha na kuifanya bubu, basi ifute kila mara.

Usijaribu kukata uwanja mpana katikati. Mwaka 2009 watafiti wengine wa Ujerumani waliwafunga watu macho wakawaambia watembee wakiwa wamenyooka. Walizunguka, tena baadhi yao katika duara dogo la mita 20 tu, huku wakiamini kwamba wananyooka. Hisi ya mkao inajua goti lilipo, haijui kaskazini. Hapo ndipo unahitaji ukingo: ukuta wa uwanja, ukingo wa lami, mteremko wa barabara kuelekea mtaroni, jua la asubuhi kwenye shavu moja, mashine ya kusaga mahindi inayonguruma kwenye kona ileile kila siku, honi ya treni. Mzee wangu hujua amefika mtaa wake kwa nyayo: lami inaisha, vumbi laini linaanza, kisha hatua kumi na mbili.

Kwa wazazi wa mtoto aliyezaliwa haoni, nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Msimbebe. Mtoto mwenye macho hutambaa kwa sababu ameona kitu. Wa kwenu hataona cha kumvuta, basi mvuteni kwa sauti: kopo lenye mawe madogo, sauti ya mama, maji yanayomiminwa. Atembee bila viatu ndani ya uwanja. Apande, ateremke, aanguke kidogo. Mtajieni viungo vyake vikiwa kazini: "inua goti, geuza kifundo." Mkimfundisha kusonga au kufua, msimkamate mikono mkaiendesha kama ya mwanasesere, wekeni mikono yenu chini ya yake, yeye aifuate akitaka na kuiacha akitaka. Kuwafungia watoto hao chumbani wageni wakija ndiko kunakozalisha wale watu wazima ambao vipimo viliwakuta nyuma. Shule pia ni haki yake. Nchi yetu ina sheria maalum ya tarehe 3 Mei 2022 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu, na mzazi anayeijua hazungumzi na mkuu wa shule kama mwombaji.

Na sisi tunaoona? Hisi ya mkao huchakaa kwa umri na kwa kutotumiwa, nasi tutaitafuta siku ambayo macho yamefifia. Asubuhi unapopiga mswaki, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, hesabu hadi ishirini, badilisha. Ukizoea, fanya hivyo macho yamefumbwa, kidole kimoja kikigusa ukuta. Funga vifungo vya shati gizani. Vijana wa mpira, kifundo cha mguu kikiteguka, maumivu huisha kabla hisi haijarudi. Ndiyo sababu kifundo kilekile huteguka tena na tena. Kusimama kwa mguu mmoja kila siku kwa wiki kadhaa kunaponya kitu ambacho dawa ya kuchua haikifikii.

Lakini kuna hali ambayo kanuni yangu ya maswali mawili inavunjika, na hapa naomba msome polepole. Kuna magonjwa yanayoua jibu la swali la kwanza. Kisukari huua neva za miguu polepole. Upungufu wa vitamini B12 na kaswende isiyotibiwa hushambulia njia za uti wa mgongo zinazobeba hisi hiyo. Miaka ya kunywa lutuku nayo huchoma neva. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi inaweza kufanya vivyo hivyo isipoambatana na vitamini B6. Usiiache dawa, mwulize muuguzi kuhusu vitamini. Dalili ni za kawaida mno hata hudharauliwa: unahisi kama unakanyaga pamba, kandambili inachomoka mguuni na unajua baada ya hatua tatu, unayumba unapofumba macho kunawa uso. Hiyo ya mwisho ndiyo mzizi wa kipimo cha Moritz Romberg, daktari wa Berlin wa miaka ya 1840, ambacho bado hutumika hospitalini hadi leo.

Unaweza kukifanya nyumbani, ila mtu awe amesimama karibu, mikono tayari. Simama miguu imebanana, mikono pembeni, macho wazi. Ukiwa imara, fumba macho kwa nusu dakika. Kutikisika kidogo ni kwa watu wote. Ukianza kuanguka, au ukalazimika kuitanua miguu, jicho lako lilikuwa likificha ugonjwa. Kipimo cha pili: fumba macho, mwenzio ashike kidole gumba cha mguu wako kwa pande zake, siyo juu na chini, akipandishe au kukishusha kidogo, nawe useme kimekwenda wapi. Ukikosea mara kwa mara, nenda hospitali ya Sendwe, au Kliniki za Chuo Kikuu, au kituo chochote chenye maabara karibu nawe, useme hivyohivyo: "Sijui kidole changu kilipo." Omba wapime sukari.

Sasa fikirini mtu ambaye kisukari kimemla macho na miguu pamoja. Huyo hana jibu la swali lolote kati ya yale mawili. Kumwambia "mwili wako unajua" ni kumpeleka mtaroni. Yeye anahitaji viatu vilivyofungwa, vyuma vya kushika ukutani, fimbo ya pili ya kuegemea, na mkono wa mtu. Na jioni ndugu aikague miguu yake kama ina jeraha, kwa sababu msumari unaweza kukaa ndani ya unyayo siku nzima bila yeye kujua. Kabla ya kumpa kipofu yeyote ushauri, uliza kwanza macho yake yalikwenda na nini.

Jirani yangu alipona muundi baada ya wiki moja. Sikumnunulia fimbo wala dawa. Kama nawe una mtu asiyeona nyumbani, usisubiri kupata pesa: kile kiti ulichokisogeza jana, ondoka sasa hivi ukakirudishe.